Ngazi Kichwani mwa Laker

Nywele zilikuwa zake mwenyewe. Tulimalize hilo kwanza, kwa sababu wanajeshi waliomsimamisha Laker kwenye kizuizi cha barabara chini ya kilima cha Kibuli, Kampala, walikuwa wameshaamua kwamba amevaa wigi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku mawigi siku chache kabla, baada ya kupiga marufuku sketi fupi, na sasa kila mwanamke mwenye nywele za kufika mabegani alitazamwa kama mwizi. Laker alikuwa anatoka hospitalini alikokuwa anafua mashuka, miguu inamuuma, nywele kazifunga nyuma kwa kitambaa. Mwanajeshi mmoja akamshika kichwani akavuta. Hazikutoka. Akavuta tena, Laker akapiga yowe. Ungedhani yowe lile lingetosha kuwa ushahidi. Wapi! Wenzake walikuwa wanamcheka, na mwanamume mwenye bunduki akichekwa hakubali kwamba amekosea. Akachukua mkasi, akaanza kukata.

Hakukata zote, maana Laker hakutulia. Alipinda shingo, akajikunja, akamwaga matusi ya Kiacholi ambayo bahati nzuri hakuna aliyeyaelewa. Walipomwachia, mbele zilikuwa zimebaki upana wa kidole kimoja. Pembeni zilibaki nusu. Nyuma, chini ya kitambaa, mkasi haukufika, na huko zilikuwa ndefu kama zamani.

Hakwenda nyumbani. Alishuka moja kwa moja hadi Namuwongo, kwa Adero, msusi aliyekuwa na kibanda karibu na reli. Adero alikuwa Mjaluo wa Kenya, mjane wa Owino aliyekuwa fundi wa reli, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Haki ya Mungu!" akasema alipomwona. "Mama Acan, nani amekujengea ngazi kichwani? Hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu. Mtu anaweza kupanda mpaka juu!"

Laker akamweleza. Adero akaacha utani, akalaani kizuizi kizima mtu mmoja mmoja, kisha akachukua mkasi wake. Kwa msusi yeyote dawa ya ngazi ilikuwa moja: unapunguza za nyuma zilingane na za mbele, halafu zote zinaota pamoja, na baada ya mwaka mtu anasahau.

Laker akamshika mkono. "Usikate."

"Ndefu hizi hazitakaa na hizi fupi, dada. Utaonekana kichekesho."

"Nitaonekana kichekesho. Usikate."

Adero akaweka mkasi chini, na hapo ndipo akaelewa. Kwao na kwa kina Laker desturi ilikuwa moja. Mwanamke akifiwa na mume hunyolewa. Akishanyolewa, kila anayekutana naye humwambia pole, hata asiyemjua, na tangu siku hiyo ni mjane. Oloya, mume wa Laker, dereva wa polisi, alikuwa ameitwa mchana mmoja na watu wawili waliokuja na gari, akaambiwa ni maswali ya dakika tano. Huo ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka sabini na mbili. Sasa ulikuwa mwaka sabini na nne na dakika tano zilikuwa hazijaisha.

"Nikitoka hapa na kichwa kifupi," Laker akasema, "nani atauliza habari za mkasi wa wanajeshi? Watasema Laker amekubali. Watasema amenyoa. Nikisikia pole moja tu, Adero, moja tu, nimekwisha. Mimi sijaonyeshwa maiti. Sijaonyeshwa kaburi, sijaonyeshwa hata kiatu. Siwezi kufanywa mjane na mtu aliyekuwa anatafuta wigi!"

Akavuta mkia wa nywele za nyuma, akaushika mbele ya uso wa Adero. "Halafu hizi ncha hapa zilikuwa kichwani mwangu siku Oloya anatoka nyumbani. Alizishika. Sizitoi."

Adero alikuwa na hasira nyepesi na machozi mepesi pia. Akajifuta kwa kanga. "Basi tutazikuza ngazi. Za mbele zitazifuata za nyuma mpaka zizikute. Lakini utanisikiliza kila neno, na ukinibishia nitakunyoa mimi mwenyewe."

Kazi ikaanza. Kila Jumamosi ya pili Laker alikaa kwenye kigoda, Adero akamgawa kichwa mafungu, akazungushia kila fungu uzi mweusi kuanzia kwenye shina hadi karibu na ncha, umekaza lakini haumizi. Zile fupi za mbele, ambazo peke yake zingekatika, alizifunga kwa uzi kwenye fungu refu lililo nyuma yake, ili ndefu izibebe. Chanuo la moto alilipiga marufuku. Mafuta yalikuwa ya yaa, yale yanayokamuliwa kokwa za mti wa porini, aliyoyatuma mama yake Laker kutoka Kitgum, kwao kaskazini, alikokuwa anamlea Acan, mtoto wa Laker. Sabuni ilikuwa imeadimika mjini, basi wakaosha kwa majani ya mpapai. Kila baada ya miezi mitatu Adero alipunguza za nyuma zile ncha zilizopasuka, kiasi kile zilichoota tu, wala si zaidi. Laker alimsimamia kwa kioo cha mkononi kama askari wa magereza, na alivikusanya vile vipande kwenye kitambaa, asiache hata kimoja sakafuni.

Adero alikuwa na uzi mwingine ulioning'inia msumarini. Huo ulikuwa wa kupimia. Urefu wa nywele za nyuma ulikuwa na fundo jekundu, na kila mwezi alifunga fundo jingine jeusi mahali zile za mbele zilipofika. Fundo jeusi lilikuwa linapanda kuelekea jekundu polepole hadi inakera.

Siku moja uzi ulipokuwa unazungushwa Laker akacheka peke yake.

"Nini tena?"

"Nimemkumbuka Oloya. Kifungo cha shati lake la kazi kiliwahi kukatika, na uzi wa kaki ulikuwa umekwisha madukani. Nikamshonea kwa uzi huu wa nywele. Nikauzungusha shingoni mwa kifungo mara nyingi, nikamalizia kwa fundo lako hili la kupitisha mara mbili. Wenzake kituoni wakamwita bwana wa msusi mwezi mzima!"

"Na yeye alisema nini?"

"Alisema shati litaisha, kifungo kitabaki."

Wakacheka mpaka Adero akapotea hesabu ya mafungu.

Lakini kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hakukuwa na kicheko. Siku hiyo Laker alipanda kilima hadi kwenye lango la kambi ya jeshi alikopelekwa Oloya, na kumuuliza sajini wa getini mume wake yuko wapi. Wiki tatu za mwanzo, mwaka ule wa sabini na mbili, alikuwa akipeleka chakula kila siku kwenye sufuria ndogo ya bati, na sajini huyo huyo alikipokea, akasema atakifikisha, akarudisha sufuria tupu. Halafu siku moja akamrudishia sufuria na maneno mengine: Oloya alitoroka. Tangu hapo jibu halikubadilika.

"Mama, mimi nasema wewe kila siku. Bwana yako alitoroka! Yeye iko Tanzania, anakula ugali, wewe unasumbua watu hapa."

"Alitoroka akiwa ameshika sufuria yangu au aliiosha kwanza?" Laker alimuuliza mara moja, na mlinzi aliyesimama karibu akageuza uso asicheke.

Upande wa pili kulikuwa na Ongom, mdogo wake Oloya, karani aliyeishi Makindye. Ongom hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na miaka ile nani angemlaumu, wakati Waacholi walikuwa wanaitwa kwenye magari kila wiki. Alikuja kwa Laker jioni moja pamoja na shangazi yao Joska, na wembe mpya umefungwa ndani ya gazeti.

"Shemeji," akasema, "nyumbani wanasema marehemu hatapumzika mpaka umnyolee."

"Marehemu yupi?"

Ongom akatazama sakafu. "Shemeji, tafadhali. Tufunge mlango, shangazi akunyoe, tumalize. Bila kelele. Hakuna atakayelia."

"Kilio cha kunong'ona? Oloya alikuwa panya?" Laker akasimama, na nyuzi zake nyeusi zilikuwa zimemsimama kichwani pia. "Nileteeni mtu aliyemwona amekufa. Mmoja tu. Siku hiyo nitanyoa, tena sitaufunga mlango. Mpaka hapo rudisha wembe wako, ukanyolee ndevu."

Shangazi Joska akauficha mdomo kwa kiganja. Wakaondoka, na Laker akalia alipobaki peke yake, kwa sababu alimpenda Ongom na alijua usingizi umempotea.

Mwaka ukaisha. Mwingine ukaelekea kuisha. Hospitalini walimsengenya: wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema ana bwana mwingine anayependa nywele ndefu. Alitia masikio pamba. Mwanzoni mwa mwaka sabini na sita, Jumamosi asubuhi, Adero akafungua nyuzi zote, akachana, akashusha ule uzi wa kupimia kutoka msumarini na kuunyoosha mbele, pembeni, nyuma. Akaurudia tena, maana hakuamini. Kisha akapiga vigelegele mpaka watu wa relini wakageuka.

"Zimelingana! Mama Acan, njoo utazame! Ngazi imekwisha, na wala hujapoteza hata kidole cha urefu!"

Laker akajitazama. Nywele zilikuwa zimemwangukia mabegani pande zote, sawasawa, kama zilivyokuwa siku ile Oloya alipotoka. Alifurahi waziwazi, akamkumbatia Adero, wakazunguka pale kibandani kama wasichana wa shule.

Jumatano iliyofuata Adero alimtuma mtu amwite haraka.

Kibandani alikaa mwanamume mrefu, mwembamba, kofia mapajani. Adero hakuwa na utani hata kidogo usoni. "Huyu ni Wanjala," akasema. "Ametoka Kenya, upande wa Bungoma. Ni dereva wa lori. Alinitafuta mimi ili akupate wewe."

Wanjala akasimama kwa heshima. "Mama, nimechelewa. Miaka mitatu na zaidi. Nilishikwa mwaka ule wa sabini na mbili, nikawekwa kule kambini mwezi mmoja, halafu wakanitupa mpakani. Niliapa sitakanyaga tena Kampala. Lakini mumeo aliniambia, ukitoka, mke wangu husukwa kwa Adero, karibu na reli. Neno hilo limenikalia. Nimeshindwa kuishi nalo."

Akafungua mkono. Mlikuwa na kifungo cha kaki, na shingoni mwake uzi mweusi uliozungushwa mara nyingi, umemalizwa kwa fundo la kupitisha mara mbili.

Laker akakichukua, akakigeuza. Hakuwa na haja ya kukitazama, vidole vilishalijua lile fundo.

"Sema," akasema.

"Walitupiga wote. Yeye walimzidishia. Alikufa siku ya nne, alfajiri. Mimi ni mmoja wa tuliomtoa chumbani kumpakia kwenye lori. Nilimshika shatini, kifungo kikabaki mkononi mwangu. Wapi walimpeleka sijui, mama. Ningejua ningekuambia."

"Siku ya nne?"

"Siku ya nne."

Laker akakifumbata kifungo. Adero alidhani ataanguka, akasogea kumdaka. Lakini kilichompanda Laker kilikuwa hasira, hasira ya kutetemesha meno. "Siku ya nne! Mimi nimepeleka chakula wiki tatu! Yule mtu amepokea maharage yangu wiki tatu, akayala, akanirudishia sufuria, na mume wangu ameshakufa! Halafu ananiambia yuko Tanzania!"

Baadaye alilia sana, na Adero alilia naye, na Wanjala akatoka nje kusimama relini na kofia yake mkononi. Alipotulia Laker akanawa uso.

"Nilisema mtu mmoja aliyemwona," akasema. "Amekuja. Sasa nanyoa. Kesho, Adero, saa saba mchana. Njoo na kigoda chako na wembe."

"Nije kwako?"

"Njoo getini."

Habari hiyo ilimfikia Ongom usiku ule ule, na kulipokucha alikuwa mlangoni kwa Laker, shati limefungwa vifungo vibaya. Laker alikuwa ameshamwonyesha shangazi Joska kile kifungo, na Joska alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi.

"Shemeji, usinyoe!" Ongom akasema.

"Ajabu! Si wewe uliyeleta wembe?"

"Nilisema ndani! Wao wamesema alitoroka. Ukinyoa mbele ya lango lao unawaambia ni waongo. Unawaambia wameua!"

"Ndiyo."

"Watakushika, shemeji. Watatushika wote."

"Wewe kaa nyumbani, Ongom. Nasema hivyo kwa upendo, si kwa dharau. Waliponikata nywele walitaka nionekane nimenyoa kabla sijajua. Sikukubali. Sasa nimejua, na ninyi mnataka nionekane sijui. Hilo nalo sikubali. Oloya alikuwa na mke, na mke wake atamlilia mchana."

Ongom akaondoka. Saa saba alikuwa miongoni mwa watu waliosimama upande wa pili wa barabara, tayari kukimbia, lakini alikuwepo.

Pale mbele ya lango palikuwa na akina mama waliouza ndizi na chai kwa wanajeshi, thelathini, labda arobaini. Laker akaja na nywele zimechanwa, zimeachwa wazi, na Adero nyuma yake na kigoda. Mkononi Laker alikuwa na ile sufuria ya bati, ina maji. Akakaa. Adero akatandika kanga chini ili nywele zisiguse vumbi.

Mlinzi akaja. "Nyinyi! Mnafanya nini hapa?"

"Tunanyoa, afande," Adero akasema. Akaufungua wembe. "Mmekataza wigi, mmekataza sketi fupi. Kunyoa mmekataza lini? Nimepitwa na redio?"

Mlinzi akawatazama, akatazama wale akina mama ambao wote walikuwa wameacha kuuza, akakimbilia ndani kumwita sajini. Adero akalowesha kichwa kwa maji ya sufuria, akaanza. Fungu la kwanza likaanguka kwenye kanga. Laker akainua sauti akamlilia mume wake kwa Kiacholi, kwa jina lake, jina la baba yake na la kijiji chake, na wala hakunong'ona. Shangazi Joska akapokea kilio kutoka upande wa pili wa barabara. Mmoja wa wauza chai, Akwero, ambaye mume wake naye alisemekana kuwa Tanzania, akaweka birika chini akapokea pia.

Sajini akatoka mbio na fimbo mkononi, uso umemvimba. Alikuwa ameshaambiwa ni nani. Alikuwa na maneno tayari, yale yale ya kila Jumatatu.

Adero alikuwa amepitisha wembe mara ya mwisho. Laker akasimama, akamgeukia. Kichwa kilikuwa cheupe, kinang'aa kwa maji, na uso umelowa machozi. Walikuwa wametengana hatua mbili tu.

Sasa, mtu anaweza kufundishwa kupiga na kufundishwa kusema uongo, lakini kabla ya hayo mama yake alimfundisha mambo mengine. Sajini naye alikuwa ametokea kijiji fulani. Fimbo ikashuka chini, bila kupiga. Mkono wa pili ukaenda kichwani wenyewe, ukavua kofia.

"Pole, mama," akasema. "Pole kwa msiba."

Akina mama wakageukiana. Sajini mwenyewe alisikia alichosema. Akairudisha kofia kichwani upande upande.

"Asante, afande," Laker akasema, kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Nimeipokea pole yako. Miaka mitatu nilikuwa naisubiri kutoka kwako. Mmesikia, akina mama?"

"Tumesikia!" wakajibu.

"Tokeni hapa," sajini akasema, lakini hakupaza sauti, na macho yake yalikuwa kwenye ile sufuria ya bati. Aliijua vizuri.

Laker akamwaga maji yaliyobaki mbele ya lango. Akapiga magoti pamoja na Adero, wakaikunja kanga pembe nne, na ndani yake Laker akaweka kifungo na kile kitambaa cha ncha alizokusanya miaka miwili. Ongom akavuka barabara, akamsaidia kuinuka. Maiti hawakuwa nayo. Hizo ndizo walizozipeleka Kitgum kuzika, nywele alizozishika Oloya, kwa urefu wake wote, na pale getini haukubaki hata unywele mmoja.